Mbuzi Ndani ya Kopo ya Maziwa

Mimi feza inaniletea kinyaa, na sifiche. Hapana kuwa nayo. Kuwa nayo ninapenda sawa batu bote. Ni kuishika. Nauzaka dawa mu farmasi moja ndogo hapa Butembo, na kila siku lazima mama moja akuye kutafuta dawa ya tumbo, aingize mukono mu kifua, atoshe franga zimelowa jasho, azifungue na bidole byenye ametoka kufutia mutoto kamasi, kisha alambe kidole gumba, ahesabu moja, alambe tena, ahesabu ingine. Akishamaliza ananiuliza juu ya nini tumbo ya batoto haiponake. Aka! Mama, uniulize mimi ao uulize kidole yako?

Batu banasema wino ya feza inatoka Ulaya, mu mashine kubwa kubwa. Ni kweli labda ile siku ya kwanza. Mais franga ya Kongo ikishatembea kidogo mu soko yetu, ile rangi ya Ulaya inakufa, na rangi yenye kubakia ni ya kwetu: mafuta nyekundu ya ngazi, maji ya samaki, grese ya pikipiki, udongo ya viazi, na mate. Zaidi mate. Noti ya mia tano unaweza kuifungua na usijue hata ile picha iko juu yake ni ya nini. Mama yangu anauza samaki ya chumvi mu soko tangu sijazaliwa, na ni ile franga ya samaki ilinisomesha. Siku ya kulipa minerval, ile feza ya masomo, sekretere alikuwa anashika noti zangu na ncha ya bidole, anageuza pua. Nilikuwa nasikia haya, mais nilikuwa namuelewa pia. Kwetu nyumbani banasema mimi ni muzungu wa bure.

Donc utaelewa namna nilimupenda ule binti. Alikuwa anashona nguo mu atelie moja upande wa Rughenda, karibu na uwanja ya ndege. Nilimupelekea suruali ya kutengeneza. Alipotaka kunirudishia franga, nikageuza uso, sababu nilijua kile kitafuata. Hakikufuata. Ku meza yake kulikuwa kisahani na kipande ya eponge, sponji yenye maji. Akagusa eponge, akahesabu, akagusa tena, akanipa. Ulimi yake ilibakia mu kinywa. Wiki yenye kufuata nilijipasulia suruali ingine mwenyewe na wembe, nikamurudilia.

Akaiangalia, akaniuliza, "Wewe, suruali zako zinapasukaka paka mahali moja?"

Nilimuambia nataka kumuoa. Hapana siku ile ile, lakini haikukawia.

Sasa, kwetu binti anaolewa na mbuzi. Hata leo, hata kama baba yake iko na magari na hajue mbuzi inakula nini, mahari inahesabiwa mu mbuzi, na kila mbuzi iko na mwenyewe: ya baba, ya mujomba, ya tantine ao shangazi, ya koko ao nyanya. Mais mu muji nani atafunga mbuzi zote zile ku mulango? Basi unapeleka dolare mu anvelope, na zinaitwa mbuzi vile vile. Na mbuzi zenye zimetoka ku dada ndizo kaka yake anaoaka nazo bibi. Dada yangu aliolewa Beni. Dolare zake zikaletwa kwetu, mama akazitia mu kopo ya maziwa ya unga, akafunika nguvu, akasukuma chini ya kitanda. Kila mara nilikuwa nalalamika juu ya maisha, alikuwa ananiambia, "Tulia. Mbuzi zako ziko chini ya kitanda, zinakula majani." Hakukuwa zingine. Baba alishakufa, shamba ilishauzwa. Zile dolare zikiharibika, mimi sina bibi, ni vile tu.

Basi siku nilimuambia mama juu ya binti, akapiga vigelegele peke yake mu chumba, akavuta kopo, akafungua. Tukaangalia ndani bote wawili.

Zilikuwa zimepauka sawa majani ya ndani ya shu, ile kabichi. Mule mwenye kulikuwa uso ya mutu, kulibakia nywele na kola ya koti. Karatasi yenyewe ilikuwa safi, nyeupe, yenye kunuka hospitali.

"Mama, hii ni nini?"

Akageuza noti moja mu mikono. Kisha akasema polepole, "Ni chlore."

Mutu wa mbali hawezi kujua ile woga tulikuwa nayo wakati ya Ebola. Ku kila mulango kulikuwa ndoo ya maji ya chlore na robine, ku kila njia batu ya kukupima joto ku uso, hatukuwa tunasalimiana na mikono hata ku misa. Na mama mu soko anashika samaki, anashika feza ya kila mutu. Akaanza kuosha franga. Kila mangaribi aliziloweka mu bassine, akazianika ku kamba pamoja na nguo, na kibanio. Mimi nilifurahi sana! Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu nashika franga ya mama bila kusikia samaki. Hata nilimusifu. Lakini sikujua kama siku moja alikumbuka kopo, akakumbuka pia kama zile dolare zilitoka Beni, na ku Beni batu balikuwa banakufa. Hakuuliza mutu. Alizamisha zote mu chlore, hapana ile laini ya mikono, ile kali ya kuoshea nyumba ya mugonjwa. Akaenda misa. Aliporudi akazikausha, akazirudisha mu kopo, akafunga, akajiambia macho yake ndiyo mabaya.

"Mais ziko safi," akaniambia, na mashozi yakaanza kumutoka.

Nilizipeleka ku bakambiste, bale banabadilishaka feza ku barabara. Yesu Maria! Hawa batu, franga ukibaletea ile imebandikwa na skoch, imekuwa matambara, banapokea. Dolare, hapana. Dolare ikiwa na kitobo ya sindano, ikiwa na alama ya kalamu ya biki, ikikunjwa mubaya, banakurudishia sawa umebaletea nyoka. Wa kwanza aliinua yangu ku jua, akaita rafiki yake. Wa pili akaita wengine. Bakacheka mupaka moja akakalisha sanduku yake chini. Akaniuliza, "Ni dolare ao ni mufu wa dolare?"

Ndio baba mudogo akaingia mu mambo. Huyu ni ndugu mudogo wa baba yangu, iko na duka kidogo ku Beni, mu komine ya Beu, na hakuna kintu hajue mutu wa kuitengeneza. "Iko munganga wa dolare kwetu kule," akasema mu telefone. "Zinaingia zimekufa, zinatoka zinatembea. Ulete." Ile wiki barabara ilikuwa wazi. Nikapanda na anvelope ndani ya shati, nikafika Beni na vumbi mupaka mu masikio.

Ule munganga alikuwa anakaa nyuma ya soko, mahali banachinjia mbuzi. Sikuelewa juu ya nini kule. Inzi zilikuwa mingi mupaka ukuta ilikuwa inatikisika. Chini damu imekauka, juu yake damu ya leo. Ule mutu alikuwa na meza, manyoya ya kuku mu kikombe, pasi ya makala, na sahani moja ya bintu bya rangi ya majani, laini, bimejaa maji. Nilifikiri ni matunda. Muchinjaji moja akapita, akatupa ingine mu sahani, pya!, akaenda zake. Ilikuwa nyongo. Nyongo ya mbuzi, ingali na joto.

"Ndiyo wino hiyo," munganga akaniambia, na kiburi yote. "Unafikiri Bazungu banatoaka wapi ile rangi ya majani ya dolare? Ni hii hii. Beo banafanya na mashine, mimi na mikono."

Baba mudogo akanitikisia kichwa, sawa mutu anasikia Injili.

Kisha ule mutu akatwaa nyongo moja, akaipeleka ku kinywa, akaipasula na meno. Na meno! Maji ikamutoka ku kona ya kinywa, majani kabisa, akaifuta na mukono, zingine akamimina mu kikombe. Akatia unga mweusi ya ndani ya pile, betri ya radio. Akatia tone ya biki. Akatema mate ndani, "ili ishike," akasema, akakoroga na kidole. Nilikimbia nyuma ya ukuta. Nikatapika chai, nikatapika mukate, nikatapika hata kile sikukula. Niliporudi, alikuwa anapaka dolare ya dada yangu na unyoya, polepole, anafuata mistari na macho ya fundi, ulimi inje. Kisha pasi. Moshi yenye ilipanda, sitaki kuielezea. Mwisho akapuliza parfum.

Nisiseme uongo, zilikuwa mazuri. Kutoka mbali ungeziapia.

"Zisiguse maji," munganga akatuonya.

Mu njia nikamuambia baba mudogo, "Tubaambie bakwe ukweli. Tuombe tulipe polepole." Akanikata pale pale. "Wewe ni muoaji. Muoaji hasemi. Siku ile utavaa kravate, utakaa kimya, utaolewa ao utaoa, nitaona mimi." Na mama hakujua kitu. Baba mudogo alimuambia tu zimetengenezwa ku Beni, na mama akamushukuru Mungu.

Siku ikafika. Sebule ya bakwe ilikuwa imejaa: beo upande moja, sisi upande ingine, mu katikati meza yenye kitambaa nyeupe. Kwetu muoaji kweli hasemi. Mutu wa kusema ndiye anasema, na wetu alikuwa baba mudogo. Akasimama na koti yake ya siku kubwa.

"Mbuzi zetu ziko ku mulango. Zimechoka na safari, zinalia."

Musemaji wao akajibu, "Hazikohoi? Hapa hatupokeake mbuzi yenye kukohoa."

"Ziko na afya."

"Na meno?"

"Meno yote!"

Batu bakacheka, maana hii muchezo kila mutu anaipenda. Anvelope ikawekwa ku sahani. Kaka mukubwa wa binti akatwaa noti moja moja, akasugua ku karatasi nyeupe. Hapa kwetu banasema dolare ya kweli inaacha rangi ya majani kidogo ku karatasi. Zetu ziliacha majani mingi. Akatikisa kichwa na furaha, baba mudogo akanikanyaga muguu chini ya meza sawa kuniambia umeona? Binti alikuwa anachungulia ku mulango ya jikoni, na kitambaa ya kichwa yenye alishona mwenyewe. Akaniangalia. Nilikuwa na jasho mupaka mu viatu.

Basi ikabakia koko, nyanya ya binti. Kwao koko ndiye anahesabu mwisho, akishamaliza imekwisha, banaimba. Ni mwanamuke mukongwe, mufupi, anasikia vizuri na anaona mubaya. Bakamuwekea mbuzi zote mu mikono. Akazipanga ku magoti. Kisha akainua kidole gumba, akailamba, mate ya kutosha, sawa vile bamama bote ya hii inchi banafanya, na akahesabu ya kwanza.

Kidole ikageuka rangi ya majani.

Hakuona. Nikaona mimi. Akaipeleka tena ku ulimi, akasugua vizuri, akahesabu ingine. Ulimi yake pia sasa ilikuwa majani. Nikaona ule munganga na meno yake, nikaona sahani na inzi, nikaona ile mate alitema. Mu kichwa nilijua: unyamaze kidogo tu, bado noti chache, kisha binti ni wako. Koko akafungua kinywa mara ingine.

"Koko, usilambe!"

Baba ya binti akaangalia huku na kule. "Ni muoaji anasema?"

"Koko, tema! Ni nyongo ya mbuzi! Ni makala ya pile, na mutu alipasula na meno yake, akatemea mate ndani! Tema, koko, nakuomba, tema!"

Koko akatema mu kitambaa nyeupe ya meza. Bote bakaona ile rangi.

"Mutoto iko na malaria," baba mudogo akasema haraka. "Tangu asubui."

Nani angemusikia? Kaka ya binti alikuwa ameshasimama. Tantine zake zilikuwa zinapiga makelele kama tulitaka kuua muzee. Baba yao akasukuma sahani, dolare zikaanguka chini, akasema tutoke, tutoke mbele hajasahau kama yeye ni Mukristu. Nikatafuta binti na macho. Mulango ya jikoni ilikuwa tupu. Nilijua nimeua mambo yangu na kinywa yangu mwenyewe, na bado nilikuwa nafurahi kama koko ametema. Mutu wa ovyo, mimi.

Ndio mama akasimama. Mikono anaishika mu kikwembe.

"Mama," akamuambia koko, "ni mimi nilianza. Ni mimi niliziosha. Wakati ya Ebola. Na chlore."

Koko akageuza sikio. "Uliosha feza?"

"Ndiyo."

"Na chlore?"

"Ndiyo, mama. Ile kali."

Koko alifuta ulimi na kona ya kikwembe, akafikiri. "Mimi zangu nilichemusha," akasema. "Feza ya kahawa ya mwaka muzima. Nilitia mu sufuria, nikatia maji, nikakoroga, nikafunika. Ilitoka bugali."

Tantine moja akacheka, akajifunga kinywa. Ingine akacheka zaidi. Ilionekana kama kwao hakuna mutu alijua ile habari, sababu baba ya binti alifungua macho, "Ile feza ulisema bezi baliiba?" Koko alikuwa ameshageuka upande wa baba mudogo.

"Huyu mama aliosha sababu ya woga. Mimi nilichemusha sababu ya woga. Wewe ulipaka sababu ya nini?"

Baba mudogo akafunga kifungo ya koti yake.

"Za bengine sijue," koko akasema, "bataongea beo wenyewe. Lakini mbuzi yangu mimi, niletewe ikitembea na magulu yake. Na nyongo iwe ndani, mahali Mungu aliiweka." Na baba ya binti akaongeza kama bila ile mbuzi ya koko, tusipige tena hodi kwake.

Baba mudogo aliokota zile dolare, hata ile yenye ilikuwa na mate. Nilisikia nyuma kama alizipitisha Kamango, upande wa Uganda, zikaenda kununua kakao, na labda zimeshavuka mupaka. Mahali fulani kule mutu analamba kidole leo. Nikifikiri vile, chakula inanishinda.

Mimi niliuza moto yangu, ile pikipiki ya kwendea kazi. Nikanunua mbuzi moja dume, nyeusi, yenye kichwa nguvu, na mimi na mama tukaivuta na kamba Butembo yote, mbele ya bakambiste, mbele ya atelie. Ilikataa kutembea mu rond-point, katikati ya magari, ikakula karatasi ya afishe ya mutu. Batoto balitufuata banacheka. Tulipofika, koko alikuwa anangojea mu lupango ya nyumba yao, ku kiti ya chini. Akaigusa masikio, akaigusa magulu, moja moja, akasema, "Hii ni mbuzi."

Bakaichinja pale pale. Koko akaingiza mukono mwenyewe ndani ya tumbo, akatafuta, akatosha nyongo, nzima, majani, ikatingizika mu bidole. Akatuonyesha bote, kisha akaitupa ku takataka, kuku zikaikimbilia. Maini akaipeleka ku makala. Binti alikuwa anapepea moto. Alikuwa hajanisemesha hata neno moja tangu ile siku.

Ilipoiva kidogo, koko akaikamata na mikono ile ile, bila kunawa, damu ingali mu kucha. Akakata kipande na bidole. Akaichovya mu chumvi, akalamba kidole gumba asikie kama chumvi inatosha, akachovya tena. Na kile kidole, ile yenye nilimuzuiza mbele ya batu bote, akaileta ku kinywa yangu na nyama juu yake.

"Kula, muoaji."

Mama akafunga macho, sababu ananijua. Binti akaacha kupepea, akaniangalia, na hakuwa na eponge mu mukono wala huruma mu uso. Nikafungua kinywa. Koko akaingiza nyama, na kidole pamoja nayo, mupaka ku meno.

Nikameza. Kisha nikafungua tena.